Upana wa Mia na Sitini

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Aibu! Mjukuu wangu amenipa jina.

Jana saa nne asubuhi binti yangu alipiga simu ya video kutoka huko mbali anakoishi na mumewe. Nilikuwa nimevaa gauni la bluu, nimejipaka mafuta mpaka shavu linang'aa. Nikafungua mdomo kumwita mtoto. Picha ikaganda papo hapo! Mdomo wazi, jicho moja limeangalia dari, la pili limefumba. Kwao nilibaki hivyo dakika nne nzima, kama samaki juu ya meza ya sokoni. Mtoto akaigusa skrini kwa kidole, akamgeukia mama yake, akasema: Bibi Ganda.

Sasa ndilo jina. Hata akiiona picha yangu ukutani, Bibi Ganda. Binti alicheka. Nami nikacheka. Kisha nikaenda jikoni nikaosha vikombe visafi.

Linaloniuma zaidi ni kwamba kuna bibi wa pili. Anaishi juu yangu, ghorofa ya tatu, mimi ya pili. Mwanawe ndiye aliyemwoa binti yangu. Walipendana humu humu kwenye ngazi, wakitumwa kutupa taka. Mimi humwita Bi Ghorofani. Yeye picha yake haigandi. Yeye mtoto humwita Bibi. Bibi tupu! Kama vile duniani hakuna mwingine.

Jumapili ijayo mtoto anatimiza miaka miwili. Binti kaniambia wazi: atapiga saa nne, na mtoto huchoka baada ya dakika tano, kwa hiyo atakayeanza ndiye atakayempata akiwa na furaha. Ataanza na yule ambaye picha yake haigandi. Jumamosi atatupima.

Siku sita. Nimeshona pazia la ukumbi mzima kwa siku mbili. Waifai itanishinda?

Jumanne, tarehe 4 Machi

Fundi wa mtandao amekuja. Kijana mwembamba, shingo yake inahitaji uji. Nikampa mkate, mayai na chai kabla hajafungua begi. Mtu mwenye njaa hafungi skrubu sawasawa.

Akaishika rauta, kile kisanduku chenye pembe mbili kilicho nyuma ya cherehani yangu. Akafungua mambo yake kwenye simu yangu. Maneno yote ya kigeni, lakini tarakimu nilizitambua kama wanangu: 20, 40, 80, 160. Nikamuuliza ni kipimo cha nini. Akasema ni upana. Upana wa njia ambayo mawimbi hupita hewani.

Upana! Shule mimi sikuipitia hata kwa mlango wa nyuma, herufi niliziokota moja moja kwenye lebo za vitambaa, ila upana usinifundishe. Miaka arobaini nashona mapazia. Dirisha la mita moja hulipelekei pazia la mita moja. Hiyo ni bendera. Unalipelekea mita mbili, ndipo linakunjamana likapendeza. Nikamwambia aweke 160.

Akaweka 20!

Eti hewa si kitambaa, Bibi. Eti jengo hili lina nyumba kumi na mbili na rauta kumi na mbili, na hewa ni moja, na anayejitanua anawakanyaga wenzake na wenzake wanamkanyaga yeye. Eti tena nguvu ni ile ile, ukiitandaza sana inakuwa nyepesi, kama siagi ya kijiko kimoja kwenye mkate mzima. Nikamwambia kwangu hatupaki siagi kijiko kimoja, ameona mwenyewe.

Alipoondoka nikakaa nikafikiri. Rauta ina 160. Mimi nimepewa 20. Mia na arobaini iliyobaki kaipeleka wapi?

Mafundi nawajua, mimi mwenyewe fundi. Mteja akileta mita tano na gauni likala nne, ile moja haipotei. Hujikuta kwenye kabati. Na huyu fundi, nilimsikia kwa masikio yangu, alipotoka kwangu hakushuka. Alipanda juu.

Jumatano, tarehe 5 Machi

Nimejirudishia kitambaa changu.

Jana nilikuwa nimevitazama vidole vya yule kijana kama ninavyotazama mshono wa mtu. Neno la siri limeandikwa kwenye karatasi chini ya rauta. Saa tatu asubuhi nikafungua, nikabonyeza, nikafika kwenye zile tarakimu. Mia na sitini!

Lo! Nikampigia binti nikiwa nimesimama kando ya cherehani. Sauti kama yuko jikoni. Nikahesabu hadi kufuli za mlango wake. Nikaanza kutembea kuelekea sebuleni huku nikijisifu. Hatua ya kwanza, sawa. Ya pili, sawa. Ya tatu, nikaganda. Nikarudi nyuma, nikayeyuka. Nikasonga mbele, nikaganda.

Basi, nitakaa kando ya cherehani. Malkia naye ana kiti kimoja.

Mara nikasikia gongo la Bi Ghorofani likipiga dari yangu. Ko, ko, ko. Tamthilia yake imekatika! Nilifurahi, Mungu anisamehe. Nilifurahi muda wa kutia uzi kwenye sindano. Baada ya hapo na mimi nikakatika.

Saa nane mchana akashuka kuomba chumvi. Chumvi! Mwanamke anayenunua chumvi kwa gunia. Macho yake hayakwenda jikoni, yalikwenda nyuma ya cherehani. Nikaifunika rauta kwa kitambaa cha meza nikasema ina mafua. Akasema hata yake. Eti tangu asubuhi mtu mmoja asiyemjua amejitanua hewani, kwa hiyo naye amelazimika kujitanua kidogo. Kidogo kiasi gani, nikamuuliza. Eti themanini tu.

Themanini za nani? Zangu hizo!

Niliona anachechemea. Goti lake limevimba tena. Nikamkalisha, nikalipaka dawa, nikalisugua robo saa huku nikimlaani kimoyomoyo. Nikamfungia na chumvi.

Alhamisi, tarehe 6 Machi

Mbinu mpya. Kama mawimbi yake yanashuka kutoka juu, nitayawekea paa.

Nimechukua ile karatasi laini ya bati ya kufunikia nyama kwenye oveni, mabunda mawili, nikaishona ndani ya kitambaa kizito cha pazia. Sindano tatu zimevunjika. Nikatengeneza kitu kama chandarua, nikakining'iniza juu ya rauta mpaka chini, mikunjo ya kupendeza, pindo la dhahabu.

Mawimbi ya Bi Ghorofani hayakuingia hata moja.

Yangu nayo hayakutoka. Simu ikaniambia rauta haipo. Nimesimama mbele yake, naiona taa yake ikimeta ndani ya chandarua, simu inanibishia haipo!

Nimemfungia mbu ndani. Chandarua nitamuuzia mtu.

Ijumaa, tarehe 7 Machi

Leo nimeitumia akili badala ya sindano.

Jana jioni nilipokuwa nafumua ile karatasi, maneno ya fundi yalinirudia: hewa ni moja. Haya. Kama hewa ni moja, na wote wakajibana, si itabaki nafasi ya mtu mmoja kujinyoosha?

Saa tano nikaitisha mkutano kwenye ngazi. Wakaja. Mwalimu mstaafu wa ghorofa ya kwanza alileta kiti chake na kalamu. Kinyozi wa chini alikuja na mteja aliyenyolewa upande mmoja. Bi Ghorofani alishuka akishika ukuta.

Nikazungumza! Nikasema majirani ni kama vidole vya mkono. Nikasema hewa si ya baba wa mtu. Nikasema kila mmoja akijitanua hakuna apitaye, ni kama ngazi hizi, mkipanda sita sita bega kwa bega mtakwama wote. Nikasema ishirini inamtosha mwenye adabu. Machozi kidogo yalinitoka, nayo yalikuwa ya kweli, maana nilisema vizuri.

Mwalimu akapiga makofi. Akasema miaka thelathini na tano amefundisha uraia na hajawahi kusikia ukiwekwa hivyo. Akaandika kwenye daftari kwamba mimi ni mfano wa kuigwa. Kinyozi akasema Bibi agombee. Fundi, ambaye nilimwita kwa ahadi ya maharage, akapita mlango hadi mlango, akaweka ishirini, ishirini, ishirini. Alinitazama kwa fahari, masikini, kama mwalimu aliyemfundisha mbuzi kusoma. Kwangu hakuingia, nikamwambia mimi ndiye niliyekuwa wa kwanza kuwekewa.

Bi Ghorofani akanishika mkono. Eti wiki nzima alikuwa akinidhania vibaya, nimsamehe.

Hapo moyo ulinichoma. Ulinichoma mpaka nilipofika mlangoni.

Kisha nikaingia ndani, nikafunga, nikaitazama mia na sitini yangu, nikaiacha pale pale.

Jumamosi, tarehe 8 Machi. Asubuhi

Nimeshinda! Binti alitupima saa tatu. Dakika saba sikuganda. Niliimba, nikacheza, nikapasua yai mbele ya kamera. Mtoto alikuwa amelala, lakini binti kasema imetosha: kesho anaanza na mimi. Bi Ghorofani naye hakuganda, ila picha yake ilikuwa na ukungu kidogo.

Pole yake. Nitampelekea keki.

Siku hiyo hiyo. Alasiri

Sitoki tena nyumbani.

Mwalimu, mwenye kimbelembele cha vyeti, alimwita fundi saa tisa aje atoe uthibitisho mbele ya wakazi wote kwamba jengo letu ni la mfano. Sikuarifiwa ni uthibitisho gani. Nilivaa gauni la bluu!

Fundi akatoa simu yake, akainua juu tuone. Kumbe mawimbi yana picha! Kila rauta inaonekana kama kilima, na jina lake juu. Tukaona vilima vidogo vidogo vimepangana, kimoja cha Mwalimu, kimoja cha Kinyozi, kama maandazi kwenye sinia. Na juu ya vyote, kuanzia huku mpaka kule, limelala godoro.

Juu ya godoro pameandikwa jina la mtandao wangu, PAZIA SAFI.

Hata yule mteja wa kinyozi, ambaye siku hizi anaishi kwetu, aliacha kutafuna.

Nikasema litakuwa limevimba kwa joto. Kinyozi akasema kumbe Bibi alitupigia magoti tuhamie mkekani ili yeye apate kitanda chote. Mwalimu akafungua daftari, akatafuta ule mstari wa mfano wa kuigwa, akaukata kwa rula. Kwa rula! Fundi hakunikaripia. Aliuliza tu, polepole, Bibi, hata mimi? Nami nimemlisha yule mtoto.

Bi Ghorofani aligeuka akapanda ngazi na lile goti lake, moja, anapumzika, ya pili, anapumzika. Ningepigwa kofi ningeona nafuu.

Siku hiyo hiyo. Saa kumi na moja

Mambo yamezidi. Mwalimu kasema kama adabu haipo kwa wazee, yeye aitoe wapi, akajitanua. Kinyozi akafuata. Wote wamejitanua! Sasa hakuna wa juu wala wa chini mwenye mtandao. Muziki wa kinyozi umekatika katikati ya wimbo. Mimi nina mia na sitini na sipati hata salamu.

Fundi hapokei simu. Nimemtumia picha ya maharage. Hajaifungua.

Jumapili, tarehe 9 Machi

Niandike yote kabla sijasahau.

Saa nne kasoro tano nilikuwa kando ya cherehani, gauni la bluu, keki mezani. Kiduara kinazunguka. Saa nne, kinazunguka. Mtoto wangu anatimiza miaka miwili na mimi natazama kiduara.

Ndipo nikasema, shindwa wewe mwanamke. Angalau mmoja amwone. Nikachomoa waya wa rauta yangu ukutani, kwa mkono wangu, nisimzuie wa juu. Nikachukua keki na simu, nikapanda ngazi kwenda kumwambia Bi Ghorofani aanze yeye, mimi nitachungulia begani.

Katikati ya ngazi nikakutana naye anashuka. Mkono mmoja gongo, mkono mmoja mfuko wa zawadi. Eti amezima rauta yake ili mimi nipate, anakuja kuchungulia begani kwangu.

Tukatazamana. Zote mbili zimezimwa!

Nikamwita mpumbavu. Akaniita mpumbavu mkubwa. Nikamshika kiuno tukashuka kwangu, maana goti linashuka vizuri kuliko linavyopanda, naye njia nzima ananiambia niangalie keki.

Nikachomeka. Taa nyekundu. Bi Ghorofani akasema weka ishirini. Mkono wangu ukataka kwenda kwingine, nakiri. Akanipiga kidole kwa gongo. Nikaweka ishirini. Kiduara bado, kwa sababu wale kumi wengine wamejitanua.

Basi nikatoka mlangoni nikapiga kelele ngazi nzima. Nikasema mimi ni mwongo, mnajua, tumemaliza hilo. Lakini kuna mtoto anatimiza miaka miwili sasa hivi na ananijua kwa kuganda tu. Dakika kumi. Zimeni dakika kumi, kisha mnitukane mpaka jioni, na mapazia yenu nitayafua bure.

Chini nikamsikia Kinyozi, eti haya, Bibi Godoro, nimezima. Mlango wa pili. Wa tatu. Mwalimu akatoa kichwa akataka kiapo. Nikaapa kwa mkasi wangu: ishirini, siku zote. Akaandika. Akazima.

Simu ikalia.

Picha safi! Binti akamweka mtoto mbele ya simu akaenda kuwasha mishumaa. Ana kofia ya karatasi. Ana meno kumi na sita! Nikamwita kwa jina, nikampungia, nikacheka. Akanitazama. Akamtazama Bi Ghorofani. Akanitazama tena, mdomo ukaanza kupinda. Akauliza: Bibi Ganda wapi?

Hakunijua! Ninatikisika, ninasema, kwa hiyo kwake sikuwa mimi. Machozi yameshamjaa.

Basi nikafanya nini? Nikafungua mdomo. Jicho moja darini, la pili nikalifumba. Nikaganda.

Alicheka yule mtoto! Alicheka mpaka kofia ikadondoka. Bibi Ganda! Bibi Ganda! Anagonga skrini kwa viganja. Sikupumua. Mate yalinichuruzika, sikumeza.

Bi Ghorofani alivumilia kidogo. Kisha wivu ukamshinda. Kwa pembe ya jicho nikamwona naye anaachama, gongo juu, meno ya bandia yakining'inia kama lango bovu. Mtoto akapiga ukelele, akaonyesha vidole viwili: Bibi Ganda mbili!

Hapo binti akarudi na keki yake. Akatuona wazee wawili tumeachama, hatutikisiki. Akapiga mguu chini, akalaani mtandao wetu, akakata simu.

Tulicheka mpaka Bi Ghorofani akaomba nimshike mbavu. Binti alipopiga mara ya pili tulikuwa na sura za watu waliotoka kulia, na mtoto alizima mishumaa kwa kuitemea mate. Mtoto wetu huyo.

Jumatatu, tarehe 10 Machi

Fundi amekuja. Amenisamehe, alikula sahani mbili. Amepita nyumba zote kumi na mbili, ishirini kila mahali, na karatasi ya neno la siri kaibandua chini ya rauta yangu akaitia mfukoni. Mtandao unakwenda kama mkasi kwenye hariri. Mwalimu amenisalimia, kwa mbali. Nina mapazia ishirini na tisa ya kufua.

Nimejifunza mengi wiki hii. Nimemwambia fundi hivyo. Nimemwambia ishirini ni upana wa mtu mstaarabu, na tamaa mbele, mauti nyuma.

Akafurahi sana. Wakati anavaa viatu, kwa furaha hiyo hiyo, akasema vizuri nimetulia, maana siku hizi kuna rauta mpya zinazofika mia tatu na ishirini.

Mara akaziba mdomo.

Nikamrudisha kitini. Nikammiminia chai nyingine.

Maana nimelifikiria jambo hili kifundi. Taabu yote ya wiki hii ilitoka wapi? Mia na sitini ilikuwa fupi. Pazia likipungua kiganja kimoja, linakusumbua maisha yako yote. Ndiyo maana nilikuwa naganda hatua ya tatu. Kwa mia tatu na ishirini ningefika sebuleni, labda na jikoni. Na Bi Ghorofani, anayejigamba huko juu kwamba jana aliganda kuzidi mimi, atanikuta nimegandia kwenye kochi. Nimeanza mazoezi mbele ya kioo.

Kuhusu kiapo: niliapa kwa mkasi ule mkubwa. Nina mikasi minne.

Rafu ya kuiweka hiyo mpya nimeshaipima. Ijumaa nitaitisha mkutano kwenye ngazi. Nitazungumzia unyenyekevu.

Ishirini inawatosha.